Kabla hujabeti farasi, soma namba za mkufunzi, kisha zitilie shaka

Ukitinga uwanja wa mbio za farasi wa Ngong siku ya mashindano, cha kwanza utakachotaka ni kijitabu cha ratiba. Humo kila farasi ana mstari wake: jina, umri, uzito atakaobeba, joki atakayempanda na mkufunzi aliyemwandaa. Sasa sema ukweli, wewe huchagua vipi? Wengi wetu tunaangalia jina tamu, rangi ya fulana ya joki ama namba ya bahati. Jina la mkufunzi tunaliruka jinsi tunavyoruka masharti ya app.

Wanaofuatilia mchezo huu kwa makini huanzia hapo unaporuka. Farasi hana mdomo wa kukuambia ameamkaje leo, lakini mkufunzi ana rekodi, na rekodi inahesabika. Shida ni kwamba namba hizo hizo zinazomsaidia mtu makini ndizo zinazomlia mwingine chapaa yote. Tofauti iko kwenye hesabu tatu nne ambazo hata mtoto wa darasa la saba anaziweza.

Mkufunzi hufanya nini hasa?

Kwenye mpira, kocha hupanga kikosi halafu wachezaji wakaamua mechi. Kwenye farasi, mkufunzi ana nguvu zaidi. Ndiye anayeamua farasi ale nini, akimbizwe mazoezini kiasi gani, apumzike wiki ngapi, aingie mbio za umbali gani na apandwe na nani. Akimwingiza farasi kwenye mbio zisizomfaa, hata joki awe hodari vipi, mambo ni magumu.

Ndiyo maana kuna majina yanayojirudia. Willie Mullins wa Ireland alitwaa taji la mkufunzi bora wa mbio za kuruka viunzi nchini Uingereza msimu wa 2023/24, mtu wa kwanza mwenye zizi Ireland kufanya hivyo tangu Vincent O'Brien mwaka wa 1954. Aidan O'Brien, ambaye si ndugu wa Vincent, alishinda mbio 28 za daraja la juu kabisa mwaka wa 2017 na kuvunja rekodi ya dunia ya Mmarekani Bobby Frankel, aliyekuwa na 25. Kule Marekani, Steve Asmussen alivuka ushindi wa 10,000 Februari 2023.

Ukiona orodha kama hiyo, akili inakwambia kitu kimoja: fuata majina makubwa, hela itajileta. Tulia kwanza.

Asilimia ya ushindi peke yake haitoshi

Namba ya kwanza utakayokutana nayo ni asilimia ya ushindi: mara ambazo farasi wa mkufunzi wameshinda, ukigawanya kwa mara walizokimbia. Tuchukue mfano wa kubuni. Mkufunzi A ameingiza farasi mara 200 na kushinda mara 40. Hiyo ni asilimia 20. Mkufunzi B pia ameingiza mara 200, lakini ameshinda mara 20 tu, asilimia 10. Nani bora?

Kwa kazi ya kuandaa farasi, huenda ni A. Kwa mfuko wako, bado hujui. Inabidi uulize odi, ile namba inayokuonyesha utalipwa mara ngapi ya ulichoweka.

Sema uliweka Sh100 kwa kila farasi wa A. Umetoa Sh20,000. Kwa kuwa kila mtu anamjua A, farasi wake wanapigiwa upatu na odi zao ni ndogo. Wale 40 walioshinda walilipa wastani wa 4.00. Umerudishiwa Sh16,000. Umeshangilia mara 40, umepiga picha za kutosha, na umepoteza Sh4,000.

Kwa B pia umetoa Sh20,000. Hakuna anayemtambua, kwa hivyo washindi wake 20 walilipa wastani wa 11.00. Umerudishiwa Sh22,000. Umelia mara 180 na bado uko mbele kwa Sh2,000.

Kanuni ni nyepesi: gawanya 100 kwa asilimia ya ushindi. Asilimia 20 inahitaji odi ya 5.00 ili urudishe hela yako tu. Asilimia 10 inahitaji 10.00. Chini ya hapo unalipia umaarufu wa mkufunzi. Kule Uingereza na Marekani, farasi anayependelewa zaidi hushinda takriban theluthi moja ya mbio, lakini ukimfuata kila mara utaishia kwenye hasara, kwa sababu bei yake tayari imekula faida.

Na usikimbilie kumshangilia B pia. Angalia tena wale washindi wake 20. Ikiwa mmoja alilipa 31.00, yaani Sh3,100, mtoe kwenye hesabu. Umebaki na Sh18,900 kwa Sh19,900 ulizotoa. Faida yote ilitoka kwa farasi mmoja siku moja. Hiyo ni bahati iliyovaa suti ya takwimu.

Vunja namba vipande

Asilimia ya jumla huchanganya kila kitu kwenye sufuria moja. Wanaojua huivunja kwa maswali ambayo yana maana kwenye kazi ya mkufunzi.

Je, farasi ametoka likizo ndefu? Kuna wakufunzi ambao farasi wao hurudi wakiwa tayari kushinda, na wengine hutumia mbio za kwanza kama mazoezi. Je, ndiyo mara yake ya kwanza kukimbia maishani? Kuna mazizi yanayosukuma chipukizi mapema na mengine yanayowapa muda. Je, ameshushwa daraja au amepandishwa? Umbali umebadilishwa? Mkufunzi amemchagua joki ambaye humtumia akiwa na mpango kamili?

Gazeti la Racing Post la Uingereza huonyesha jinsi farasi wa kila mkufunzi walivyofanya siku 14 zilizopita, na pia asilimia ya waliokimbia kwa kiwango chao hata kama hawakushinda. Hii ya pili ni tamu, kwa sababu zizi linaweza kukosa ushindi wiki mbili huku farasi wake wakimaliza wa pili na wa tatu kwa pua. Farasi hao si wagonjwa. Daily Racing Form la Marekani nalo huweka chini ya kila farasi namba za mkufunzi wake katika hali kama ya leo, pamoja na kiasi ambacho mtu angerudishiwa kwa kila dola mbili alizoweka.

Mitego mitatu

Mtego wa kwanza ni sampuli ndogo. Ukisoma kwamba mkufunzi ana asilimia 40 na farasi waliotoka likizo, uliza: ni kati ya wangapi? Kama ni wawili kati ya watano, hujaambiwa kitu. Rusha sarafu mara tano. Kupata kichwa mara nne au zaidi hutokea karibu mara moja kwa kila majaribio matano, na hakuna anayesema sarafu hiyo ina kipaji.

Hali huwa hivyo hivyo upande wa kushindwa. Mkufunzi mwenye asilimia 20 ya kweli anaweza kukosa ushindi kwa farasi kumi mfululizo, na ukichukua kumi wowote, uwezekano huo ni takriban moja kwa kumi. Ukisikia "zizi limekufa", huenda ni hesabu tu inapumua.

Mtego wa pili ni kukata data mpaka ikubali. Jumatano, uwanja ukiwa mlaini baada ya mvua, farasi wa kike wa miaka minne, joki fulani: ukitafuta vipande 20 namna hiyo, kimoja kitang'aa hata kama hakuna siri yoyote. Anza na sababu, halafu utafute namba. Kama huwezi kueleza kwa sentensi moja kwa nini Jumatano imsaidie farasi, achana na Jumatano.

Mtego wa tatu ni wingi. Ngong si uwanja mkubwa kama wa Uingereza. Wakufunzi ni wachache na ni kawaida mmoja kuwa na farasi kadhaa kwenye mbio zile zile. Mkufunzi mwenye farasi watatu kati ya sita atashinda mara nyingi, lakini hujui ni yupi kati ya hao watatu. Hesabu ushindi kwa kila farasi aliyekimbia, usihesabu kwa kila mbio. Na kwa kuwa mbio zenyewe si nyingi, rekodi ya msimu mmoja inaweza kuwa fupi mno kukupa jibu.

Aliyefaulu alifanya nini?

Ukitaka kujua kama kuna mtu aliyewahi kula vizuri kupitia hesabu za farasi, yupo. Mmarekani Bill Benter alikuwa akihesabu karata kwenye kasino za Las Vegas kabla ya kuhamia Hong Kong katikati ya miaka ya themanini pamoja na Alan Woods. Waliunda mfumo wa kompyuta wa kukadiria nafasi ya kila farasi. Mwanzoni walipoteza sehemu kubwa ya mtaji wao.

Katika makala aliyochapisha mwaka wa 1994, Benter alieleza kilichomsaidia. Alichukua makadirio ya mfumo wake na kuyachanganya na odi za umma. Kwa maneno mengine, alikubali kwamba umati wa wanaobeti unajua mengi ambayo kompyuta yake haikujua. Alibeti pale tu tofauti kati ya makadirio na bei ilipokuwa kubwa vya kutosha.

Vya kutosha kwa nini? Kwa sababu kuna ada. Hong Kong, beti zote za mshindi huingia kwenye chungu kimoja na asilimia 17.5 hukatwa kabla ya washindi kugawana. Anayechagua kwa kubahatisha hurudishiwa wastani wa Sh82.50 kwa kila Sh100. Kuijua rekodi ya mkufunzi ni lazima kukupandishe kutoka 82.50 mpaka juu ya 100 ndipo uanze kusema una akili. Hiyo ni ngazi ndefu, na Benter aliipanda akiwa na data ya miaka mingi, programu yake mwenyewe na watu wa kumsaidia. Wewe una simu na bando ya Sh50.

Wale farasi wa kwenye skrini

Hapa sikiza vizuri. Zile mbio za farasi zinazoonyeshwa kila baada ya dakika chache kwenye app ama duka la kubeti mtaani hazina zizi, hazina nyasi, hazina mkufunzi. Ni katuni. Matokeo hutolewa na programu inayochagua namba kwa nasibu, na faida ya kampuni imo ndani ya odi tangu mwanzo. Hakuna rekodi ya kusoma. Namba saba kushinda mara tatu mfululizo hakukwambii lolote kuhusu mbio ya nne. Yeyote anayekuuzia "fomula" ya hizo kwenye Telegram anakula pesa yako kabla kampuni haijaila.

Jaribu bila pesa

Kama hesabu hizi zimekuvutia, kuna njia ya kuzifanyia mazoezi bila kuumia. Chukua daftari. Kwa kila mbio, andika mkufunzi, nafasi unayompa farasi wake kwa asilimia, odi iliyokuwepo na matokeo. Andika kabla ya mbio, usiandike baada. Fanya hivyo kwa mbio 100 ukiweka Sh100 za karatasi kila mara. Ukifika mwisho, jumlisha.

Mambo mawili yatatokea. Utajua kama unaona kitu ambacho umati haujaona, na kuna uwezekano mkubwa utagundua hukioni. Pia utakuwa umejifunza uwezekano, sampuli na bei, vitu ambavyo vitakusaidia ukiuliza biashara ya rafiki yako ina faida gani ama mkopo wa simu unakugharimu ngapi kwa mwezi.

Ikiwa bado utaweka pesa halisi, sheria ya Kenya inataka uwe umefikisha miaka 18. Sheria yako mwenyewe iwe kali zaidi: weka kiasi ambacho kikipotea chote leo, kodi ya nyumba, fare na chakula cha wiki hazijaguswa. Usikope ili ubeti, na usiongeze dau ili kurudisha kilichopotea. Mkufunzi mwenye asilimia 10 anaweza kukosa mara 20 mfululizo, takriban mara moja kwa kila nane. Ukiwa na Sh2,000 na unaweka Sh100 kila mara, huo ndio mwisho wa mtaji wako, na huenda namba zako zilikuwa sahihi tangu mwanzo.