Wikendi kando ya ziwa: tuangalie mazuku mbele ya kupiga hema

Wikendi ikifika, marafiki wanachanga franga za gari, wanabeba makala, nyama na vinywaji, wanatoka Goma kuelekea Lac Vert ao upande wa Sake. Kupumzika ni vizuri. Lakini huko kuna mazuku.

Mazuku ni nini? Ni gazi ya CO2 inayotoka chini ya ardhi ya volkano na kupita ndani ya nyufa za mawe. Haina rangi, na pua haiisikie. Juu ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inakusanyika ndani ya mashimo, kama maji ndani ya sahani. Mchana, jua na upepo vinaitawanya. Usiku na asubuhi mapema, inajaa tena. Ndiyo maana mutu aliyesimama anaweza kuwa muzima, na mwenye kulala chini fasi ile ile akafa.

Kwa hiyo, pigeni hema fasi ya juu yenye upepo, hata kama shimoni kuna kivuli kizuri. Muulize wenyeji kwanza. Mukiona wadudu, ndege ao mbuzi wamekufa shimoni, ondokeni. Moto ukizimika wenyewe, ondokeni pia. Lakini moto kuwaka si hakikisho kwamba mko salama. Watoto wasicheze mabondeni.

Rafiki akianguka shimoni, musiteremuke mbio kumufuata. Wengi wanakufa hivyo, mmoja nyuma ya mwingine. Iteni watu, mutafute kamba, mumuvute mukiwa juu.