Mwezi wa Aprili Katika Historia ya Nchi Yetu



Katika toleo hili tumeonelea tuuzungumze mwezi mmoja tu, nao ni Aprili. Sababu yake ni swali la mwanafunzi mmoja wa darasa la chini aliyekuwa akiitazama kalenda ya ukutani. Alisoma kuwa tarehe 7 ni siku ya kumkumbuka Mzee Abeid Amani Karume, ambaye aliuawa siku hiyo. Akateremsha kidole mpaka tarehe 26, akaona ni siku ya Muungano, ambao waasisi wake ni Mzee Karume huyohuyo na Mwalimu Julius Nyerere. Akauliza: vipi mtu afariki tarehe 7 kisha aunganishe nchi tarehe 26?

Wakubwa walicheka, lakini swali halikuwa la kuchekwa. Kalenda hupanga siku, haipangi miaka. Anayejifunza historia kwa sikukuu peke yake huyapata matukio yamechanganyika, la mwisho likiwa mbele na la mwanzo likiwa nyuma, na wala haoni kuwa tukio moja limezaa jingine. Aprili ya Tanzania ni mfano mzuri wa jambo hili. Kwa hiyo hapa tutaziacha tarehe kama zinavyofuatana ukutani, tufuate miaka.

Mwaka wa kwanza ni 1922. Tarehe 13 Aprili mwaka huo alizaliwa Mwalimu Nyerere kijijini Butiama, karibu na Musoma. Aprili ni mwezi wa mvua, na jina lake la Kambarage ni la mzimu wa mvua katika imani za wazee wa Kizanaki, kwani inasimuliwa kuwa siku aliyozaliwa mvua ilikuwa kubwa. Siku hii si ya mapumziko. Taifa humkumbuka Mwalimu tarehe 14 Oktoba, siku aliyofariki mwaka 1999 huko London.

Tunaruka hadi 1964, mwaka ambao haukupoa tangu ulipoanza. Tarehe 12 Januari yalitokea Mapinduzi ya Zanzibar. Siku nane baadaye, tarehe 20, askari wa Tanganyika katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi, na Serikali ikalazimika kuomba msaada wa majeshi ya Uingereza ili kuwatuliza. Dunia wakati huo ilikuwa imegawanyika baina ya Marekani na Urusi, na kila upande ukiangalia Unguja kwa jicho kali. Hayo yote yalikuwapo mezani viongozi wawili walipokutana. Jumatano ya tarehe 22 Aprili 1964, mjini Zanzibar, Mwalimu Nyerere na Mzee Karume walitia saini Mapatano ya Muungano. Tarehe 25 Bunge la Tanganyika likayaridhia, na Jumapili ya tarehe 26 nchi mbili zikawa moja. Picha mnayoiona vitabuni, ya Mwalimu akichanganya udongo wa pande mbili, ni ya siku hizo.

Hapa tusimame kidogo, maana wengi hudhani mambo yote yaliisha siku ile. Kwanza, jina la Tanzania halikuwapo bado. Nchi iliitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, na jina tunalolitumia lilikuja baadaye mwaka huohuo. Pili, Mapatano yalitaja mambo 11 tu ya Muungano, yakiwamo mambo ya nje, ulinzi, polisi, uraia, bandari, posta na simu. Yaliyobaki yalikuwa ya Zanzibar yenyewe kwa upande wake. Orodha hiyo iliongezeka kidogo kidogo. Mwaka 1965, Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki ilipokuwa inavunjika, mambo ya fedha na sarafu yaliingizwa, na mwaka 1968 yakaingizwa mafuta na gesi. Hatimaye yalifika 22. Huku kuongezeka ndiko kunakolalamikiwa zaidi Zanzibar kila mjadala wa Muungano unapofunguliwa. Tatu, namna Baraza la Mapinduzi lilivyoridhia Mapatano yale kwa upande wa Zanzibar ni suala ambalo wanasheria wanalibishania mpaka leo. Tume ya Mabadiliko ya Katiba iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba ilipendekeza mwaka 2013 muundo wa serikali tatu badala ya mbili, na pendekezo hilo halikupita. Tunayataja haya si kwa kumtia mtu upande. Tunaona tu kuwa mwanafunzi anayeijua tarehe 26 bila kujua idadi ya 11 na ya 22 hataelewa watu wazima wanagombania nini.

Mwaka 1972 ndio wa swali la yule mwanafunzi. Muungano ulikuwa unakaribia kutimiza miaka minane. Ijumaa jioni ya tarehe 7 Aprili, Mzee Karume alikuwa makao makuu ya chama cha Afro-Shirazi pale Kisiwandui, akicheza bao na wenzake kama ilivyokuwa kawaida yake. Askari wenye silaha wakaingia na kumpiga risasi. Alizikwa hapohapo Kisiwandui, na Aboud Jumbe akashika nafasi yake.

Yaliyofuata yanaeleza Muungano ulivyokuwa kuliko hotuba nyingi. Watu wengi walikamatwa, Visiwani na Bara. Kesi ya uhaini ikasikilizwa Zanzibar katika Mahakama ya Wananchi, ambamo mshtakiwa hakuwa na haki ya wakili. Baadhi ya washtakiwa walikuwa wameshikiliwa Bara, akiwemo Abdulrahman Babu aliyekuwa waziri katika Serikali ya Muungano. Mwalimu alikataa kuwapeleka Zanzibar. Babu akahukumiwa kifo akiwa hayupo mahakamani, akabaki kizuizini Bara hadi alipoachiwa mwaka 1978. Nchi ni moja, Rais ni mmoja, na mahakama zake mbili hazisomani! Kama kuna mfano mfupi wa kueleza maana ya serikali mbili, basi ni huo.

Tuseme pia ukweli mwingine. Tarehe 7 haikumbukwi kwa moyo wa namna moja. Wapo wazee wanaomkumbuka Mzee Karume kwa nyumba za Michenzani, kwa elimu bila malipo na kwa eka tatu tatu za ardhi walizogaiwa wakulima. Na zipo familia zinazokumbuka jamaa zao walioingizwa magerezani katika miaka ile na hawakurudi. Wote hao ni wananchi wa nchi moja. Ukikaa na mzee wako ukamwuliza, msikilize mpaka mwisho kabla hujamjibu kwa yaliyoandikwa kitabuni.

Mwaka 1979 tarehe 11 Aprili majeshi ya Tanzania, yakishirikiana na Waganda waliokuwa wakimpinga Idi Amin, yaliingia Kampala. Vita ilikuwa imeanza Oktoba 1978, Amin alipovamia ardhi yetu kaskazini ya mto Kagera na daraja la Kyaka likavunjwa. Askari wetu waliokufa wengi wamezikwa Kaboya, wilayani Muleba. Tarehe hii haina sikukuu, na wengi wa rika lenu hawaijui kabisa. Hata hivyo athari yake iliingia katika kila jiko la nchi hii. Mwalimu aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18, lakini miezi hiyo ikapita na dhiki ikabaki. Waulizeni mama zenu wakubwa habari za foleni za sabuni, sukari na unga, na za kugawana kanga kwa kadi ya duka la ushirika. Vita haikuwa sababu pekee, maana bei ya mafuta ilipanda na mazao yetu yakashuka thamani, lakini ilichota fedha za kigeni ambazo nchi haikuwa nazo.

Katika dhiki hiyo ndipo linapoingia jina la Edward Moringe Sokoine. Alikuwa Waziri Mkuu tangu 1977 hadi 1980, akarudishwa tena 1983. Mwaka huo ilianza ile operesheni ya kuwasaka walanguzi na wahujumu uchumi, waliokuwa wakificha bidhaa na kuziuza kwa magendo. Wapo waliotupa mali zao usiku kwa kuogopa kukamatwa nazo. Wapo pia waliokamatwa kwa uonevu, hilo nalo lisemwe. Lakini mtu wa kawaida alimwona Sokoine kuwa ni kiongozi asiyejilimbikizia, na wengi waliamini ndiye atakayempokea Mwalimu uongozi.

Alhamisi ya tarehe 12 Aprili 1984, akitoka Dodoma kwenye kikao cha Bunge kuelekea Dar es Salaam kwa barabara, alifariki katika ajali ya gari Dakawa, mkoani Morogoro. Alikuwa na umri wa miaka 45. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyelitangazia taifa redioni jioni ile. Sasa rudisheni macho kwenye mwaka wa kwanza tulioutaja: kesho yake ilikuwa tarehe 13. Mwalimu alitimiza miaka 62 nchi ikiwa matangani.

Aprili ile haikuishia hapo. Jumbe alikuwa amejiuzulu Januari katika mvutano kuhusu muundo wa Muungano, na mwezi huohuo wa Aprili Ali Hassan Mwinyi akachaguliwa kuwa Rais wa Zanzibar. Tarehe 24 Salim Ahmed Salim, mzaliwa wa Zanzibar, aliteuliwa kuwa Waziri Mkuu mahali pa Sokoine. Mwaka uliofuata Mwalimu alipong'atuka, aliyempokea ni Mwinyi. Kwa hiyo mambo ya Muungano ya 1964, mauaji ya 1972, vita ya 1979 na dhiki iliyoizaa ile operesheni ya Sokoine, yote yalikutana katika siku chache za mwezi mmoja.

Kati ya siku hizi zote, za mapumziko ni mbili tu, tarehe 7 na tarehe 26, nazo huadhimishwa kwa namna tofauti. Tarehe 7 viongozi na wananchi hukusanyika Kisiwandui kwa hitma na dua. Tarehe 26 ni ya gwaride na hotuba, mara nyingi chini ya mvua ya masika, ingawa mwaka 2016 sherehe zilifutwa na fedha zikaelekezwa kupanua barabara huko Mwanza, na mwaka 2020 zilifutwa tena kwa sababu ya korona. Sokoine hakupewa sikukuu, lakini Chuo Kikuu cha Kilimo pale Morogoro kilianzishwa mwaka uleule wa 1984 kwa jina lake. Kwa maoni yetu amepata kilicho bora, kwani chuo hufunguliwa kila siku.

Limebaki jambo moja kwa ninyi mnaosoma kalenda mbili. Miezi yetu ya Hijria huitangulia ile ya jua kwa siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo tarehe 26 Aprili haikai mwezi mmoja. Mapatano ya 1964 yalitiwa saini katika siku za Hija, Dhulhija ya mwaka 1383. Mzee Karume aliuawa katika mwezi wa Safar 1392, na Sokoine alifariki Rajab 1404. Mwaka 2020 siku ya Muungano iliangukia mwanzoni mwa Ramadhani. Mzunguko huchukua takriban miaka 33 ya jua kurudi ulikoanzia. Chukueni karatasi mhesabu: tangu 1964 tarehe 26 ilirudi katika Dhulhija mwaka 1997, na kwa hesabu hiyo itarudi tena mwaka 2029, siku chache tu baada ya Idd el Hajj ya mwaka 1450.