Mizunguko ya Kamba na Siri ya Kutoteleza

Nguvu inayozuia kamba isiteleze juu ya gogo au ngoma ya chuma huitwa msuguano. Kinachostaajabisha ni kwamba nguvu hiyo haikui kwa kujumlishwa kadiri kamba inavyozungushwa, bali kwa kuzidishwa. Gogo likiwa na kigezo cha msuguano cha 0.3, yaani kipimo cha jinsi nyuso mbili zinavyoshikana, mtu anayeshika ncha moja kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 1 huweza kuzuia kilo 6.6 upande wa pili kwa mzunguko mmoja, kilo 43 kwa miwili, na zaidi ya kilo 285 kwa mitatu. Kanuni hii inahusishwa na Leonhard Euler, mwanahisabati wa karne ya 18, pamoja na mhandisi Johann Eytelwein wa Prussia. Unene wa ngoma haumo ndani yake: ngoma pana hugusa kamba zaidi lakini huibana kwa nguvu ndogo zaidi kila mahali, hivyo athari hizo mbili hufutana.

Kanuni hiyo ina uzito wa pekee katika barabara za msitu wa mvua kama zile za Mubi, mji wa biashara katika wilaya ya Walikale, Kivu Kaskazini, uliokua pamoja na uchimbaji wa kasiterite, jiwe litoalo bati, ulioanza katika mgodi wa Bisie mwanzoni mwa miaka ya 2000. Lori linapozama topeni, kebo ya winchi hufungwa kwenye mti na ngoma huivuta. Lakini kifungo kinachoshika ncha ya kebo ndani ya ngoma ni dhaifu, na kazi yote hubebwa na mizunguko iliyobaki. Ndiyo maana kwa kebo ya chuma hushauriwa ibaki angalau mizunguko mitano, na kwa kamba ya nyuzi sintetiki, ambayo ni laini na inateleza zaidi, minane hadi kumi. Dereva anayeifungua hadi mwisho ili aufikie mti wa mbali huhatarisha maisha ya walio karibu.

Matope na mafuta hushusha kigezo hicho, na kwa kuwa kigezo kimo ndani ya kuzidishwa kwenyewe, upungufu mdogo huleta hasara kubwa: kikishuka kutoka 0.3 hadi 0.15, mizunguko mitatu haizuii tena kilo 285 bali takriban 17. Kamba ikishaanza kuteleza, msuguano hupungua zaidi na joto huongezeka, hata nyuzi sintetiki zikaanza kuyeyuka.