Ubao Hutaka Subira

Ndugu wasomaji, twajua ya kuwa Nabii Zakaria, amani iwe juu yake, alikuwa seremala. Basi kazi ya randa na msumeno si ya kudharauliwa, na yafaa vijana waijue hata kama riziki yao yatoka kwingine.

Sisi wa Arusha tumebarikiwa mbao. Katika miteremko ya Mlima Meru imepandwa misindano, na mashambani mwa watu migrevilea husimama kati ya kahawa na migomba. Mwaka mmoja, wakati wa masika, tulinunua mbao mbichi tukawaundia watoto wa chuoni benchi. Tulilipaka rangi, likapendeza. Kiangazi kilipoingia mbao zilisinyaa, ndimi zikalegea katika matundu yake, na benchi likawaangusha watoto 3. Alhamdulillahi, hawakuumia sana. Lakini mmoja alituuliza, "Maalim, hukujua kuwa ni mbichi?" Tulijua, tulifanya haraka.

Ubao mbichi husinyaa kwa upana, na kwa urefu kidogo mno. Basi zipangeni mbao kivulini, mkizitenga kwa vijiti ili upepo upite. Waseremala wengi huhesabu mwaka 1 kwa kila inchi 1 ya unene. Zikikauka, ndipo mchonge ulimi na tundu, mtie gundi.

Enyi wazazi, anzeni kwa kigoda kimoja pamoja na wanenu. Wala msifiche ufa kwa rangi, kwani atakayekikalia amewaamini.