Mfereji Mmoja wa Ubongo na Sauti Zisizo na Msemaji

Mkoa wa Njombe una kata mbili zenye jina moja la Mjimwema: moja iko mjini Njombe, nyingine Makambako, na kati yake ni mwendo wa kilomita zipatazo 60. Kote kuwili wamo vijana waliomaliza kidato cha nne, waliokwisha kuingia kwenye viazi, parachichi, mbao au bodaboda. Huo ndio umri ambao ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia hupenda kujitokeza, mwishoni mwa ujana na katika miaka ya ishirini, na kwa wanaume huwahi zaidi kuliko kwa wanawake. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa takriban mtu 1 kati ya 300 duniani anaishi na ugonjwa huu. Takriban 7 kati ya 10 miongoni mwao husikia sauti za watu ambao hawapo.

Nyumbani mambo huanza kidogokidogo. Kijana anamjibu mtu ambaye hakuna aliyemsikia akisema. Anafungua redio kwa sauti ya juu usiku kucha. Anamtuhumu jirani kwamba anamteta nyuma ya ukuta. Ndugu wanamwambia aache upuuzi, hakuna mtu hapo. Kisha inaanza kesi ya ukoo: kalogwa, ni bangi, kasoma kupita kiasi, mizimu ya upande wa mama haikutimiziwa jambo lake. Wakati wote huo mgonjwa mwenyewe anazidi kujifungia, kwa sababu anachokisikia anakisikia kweli, na watu anaowaamini kuliko wote wanamwita mwongo.

Si mwongo. Mwaka 1999 watafiti wa Frankfurt, Ujerumani, waliwalaza wagonjwa wachache ndani ya mashine ya MRI na kuwaomba wabonyeze kitufe kila sauti zilipoanza na kila zilipokoma. Sauti zilipokuwa zikisikika, ile sehemu ya gamba la ubongo inayopokea sauti kutoka sikioni ilionekana ikifanya kazi, ingawa sikioni hakikuingia kitu. Miaka 6 kabla yake, watafiti wa London walikuwa wameona jambo jingine la kushangaza: wagonjwa wanaposikia sauti, eneo la Broka huchangamka, nalo ni eneo linalotunga usemi, si la kusikiliza. Yaani ubongo wa mgonjwa unasema, na wakati huohuo unajisikiliza kama mgeni.

Dalili ya hilo ilipatikana zamani zaidi. Mwaka 1949 daktari Mmarekani, Louis Gould, aliandika habari za mgonjwa aliyekuwa akisikia sauti huku midomo na koo vikitikisika kidogo mno. Alipoukuza kwa vyombo mnong’ono uliokuwa ukimtoka, maneno yaliyotoka yalilingana na yale mgonjwa aliyoyaeleza kuwa ameambiwa na sauti zake.

Sote tunasema kimoyomoyo. Mama anayekwenda sokoni Makambako anajikumbusha chumvi, sabuni na mafuta ya taa bila kufungua mdomo, wala hashtuki kwamba kuna mtu anamwambia. Hashtuki kwa sababu sehemu ya ubongo inayotunga maneno huipelekea sehemu inayosikia taarifa mapema: haya ni yetu. Katika skizofrenia, kwa maelezo ambayo wanasayansi wengi wanayaunga mkono, taarifa hiyo hufika ikiwa hafifu au haifiki kabisa. Inakuwa kama simu inayoita kwa namba ambayo hukuihifadhi. Namba ni ya kwako mwenyewe, lakini jina halitokei, nawe unapokea ukidhani ni mtu mwingine.

Ni wapi hasa ubongo unapotenganisha kilichotoka ndani na kilichotoka nje? Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, kilitoa mwaka 2015 jibu ambalo mimi nililisoma kwa mshangao, kwa sababu lilipimwa kwa sentimita. Jane Garrison, Jon Simons na wenzao walichunguza picha za MRI za ubongo wa watu 153: watu 113 wenye skizofrenia na 40 wasio nayo. Walipima mfereji mmoja ulio upande wa ndani wa sehemu ya mbele ya ubongo, uitwao parasinguleti. Wagonjwa wenye historia ya maruweruwe, yaani kusikia au kuona visivyokuwepo, walikuwa na mfereji mfupi kuliko wagonjwa wenzao wasioyapata. Kila sentimita 1 iliyopungua iliambatana na ongezeko la takriban asilimia 20 la uwezekano wa kupata maruweruwe.

Mfereji huu ni miongoni mwa mikunjo ya mwisho kujichora kabla mtoto hajazaliwa. Urefu wake hutofautiana sana hata kati ya watu wazima wenye afya kamili, na Simons na watafiti wengine walikwisha kuonyesha mwaka 2011 kwamba watu wazima wenye afya wasio na mfereji huo pande zote mbili hukosea zaidi wanapoulizwa kama jambo fulani walilifanya wenyewe au lilifanywa na mwingine.

Hapa nataka tuwe waangalifu. Mfereji mfupi si hukumu. Wapo wengi wenye mfereji mfupi ambao hawatasikia sauti maisha yao yote, na ugonjwa wenyewe hutokana na mengi yanayokutana: urithi wa familia, matatizo ya ujauzito na uzazi, misukosuko ya utotoni, bangi kali katika umri mdogo. Wala hakuna daktari popote duniani anayegundua skizofrenia kwa kutazama picha ya MRI. Anaigundua kwa kuketi na mgonjwa, kumsikiliza, kuwauliza waliomwona akibadilika, na kupima kama hakuna malaria kali, kifafa au ugonjwa mwingine unaofanana nayo. Kwa hiyo mtu wa Mjimwema asidhani amenyimwa kipimo ambacho wenzake wa Ulaya wanacho.

Ubongo hutoa sauti, lakini maneno hutoka katika jamii. Mwanaanthropolojia Tanya Luhrmann na wenzake waliwahoji watu 60 wenye kusikia sauti, 20 katika kila eneo: San Mateo nchini Marekani, Accra nchini Ghana na Chennai nchini India. Wamarekani wengi walisikia matusi na amri za ukatili. Wa Chennai wengi walisikia jamaa zao wakiwaagiza kazi za nyumbani, na wa Accra mara nyingi walimsikia Mungu. Sidhani huo ni udadisi wa wasomi tu. Utafiti huo unatuambia kwamba namna tunavyoishi na mgonjwa inaweza kuingia hadi ndani ya ugonjwa.

Dawa zipo tangu miaka ya 1950, na nyingi hufanya kazi kwa kupunguza nguvu ya dopamini, kemikali ya ubongo. Hapa kwetu haloperidol na chlorpromazine zinajulikana sana, pamoja na sindano ya fluphenazine inayodumu mwilini wiki kadhaa, ambayo humfaa anayesahau vidonge. Zina maudhi: kukakamaa, kutetemeka, usingizi, kunenepa. Maudhi hayo yasemwe kliniki ili dozi irekebishwe, kwa kuwa wagonjwa wengi huacha dawa kimyakimya na sauti hurudi.

Dawa peke yake haitoshi. Mradi wa KUPAA, yaani Kuwezeshana Kupata Uzima, uliofanyika katika hospitali za Muhimbili na Mbeya, uliwaketisha wagonjwa pamoja na ndugu zao kujifunza ugonjwa na kupanga maisha ya baadaye. Mbeya iko karibu zaidi na Makambako kuliko hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mirembe, Dodoma, iliyopokea wagonjwa tangu 1927 na ambayo iko zaidi ya kilomita 400 kwa barabara ya Iringa. Utafiti uliofanywa Uingereza tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 umeonyesha kwamba mgonjwa anayerudi katika nyumba ya lawama na kufokewa huzidiwa upesi kuliko anayepokelewa kwa utulivu.

Basi, ndugu msomaji, ukiwa na kijana anayesikia sauti, usibishane naye wala usimfunge kamba. Mwulize zinamwambia nini, na mwamini kwamba anazisikia. Kama zinamwamrisha ajidhuru au amdhuru mtu, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, bila kumwacha peke yake. Anayetaka kumwombea amwombee, lakini dawa zisisimamishwe. Mwahishe kliniki ya afya ya akili katika wiki za mwanzo: kadiri matibabu yanavyochelewa, ndivyo kupona kunavyokuwa kugumu.