Fahamu: Ligi ya Soka ya Afrika na mustakabali wa ligi za ndani

Ni ligi gani?

Ligi ya Soka ya Afrika (AFL) ni mashindano ya klabu kubwa za mataifa mbalimbali chini ya CAF, yaliyotangazwa jijini Arusha Agosti 2022 yakikusudiwa kuwa na timu 24, lakini yakaanza na 8 tu Oktoba 20, 2023, Simba ya Tanzania ilipotoka sare ya 2-2 na Al Ahly ya Misri jijini Dar es Salaam. Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini ilitwaa ubingwa.

Inaihusu vipi Babati?

Kila timu ya Ligi Kuu ya Tanzania yenye timu 16 hucheza mechi 30, hivyo AFL ikipanuliwa zitaongezeka mechi za viporo za klabu zinazoshiriki, kama Simba, yaani zile zilizoahirishwa hadi tarehe nyingine, ambazo mara nyingi huangukia katikati ya wiki, wakati mashabiki wengi wako kazini. Fountain Gate, timu ya Ligi Kuu iliyohamia Uwanja wa Tanzanite Kwaraa mjini Babati mwaka 2024 na kuilazimisha Simba sare ya 1-1 hapo Februari 2025, haina wageni wanaojaza majukwaa zaidi ya vigogo Simba na Yanga, na ujio wao ndio pia unaowapa mama lishe na bodaboda wa Babati siku yao kubwa ya mauzo.

Fedha je?

Hapa ndipo penye hatari kubwa zaidi, kwa kuwa zawadi za mashindano ya Afrika zikibaki kwa klabu zilezile bila fungu la timu ndogo, pengo la usajili litazidi kupanuka.