Asili ya Neno "Divai"

Katika mazoezi ya kufundisha hapa Kibamba, tulimsikia mwalimu-mwanafunzi akiwaambia watoto kuwa divai na mvinyo ni neno moja lililopotoshwa na matamshi. Sivyo. Mvinyo ulitoka kwa Wareno, wasemao vinho, na watu wengine huuita hivyo hata ulevi mkali. Divai ni ya Kifaransa, du vin: kile kijineno du kimemezwa, kikawa silabi ya kwanza. Basi mwanafunzi asiitafute di- miongoni mwa viambishi vya ngeli; twasema divai hii, divai hizi. Mtoto asiyekijua kinywaji chenyewe (na heri asikijue) atajiwe zabibu za Dodoma. Hata hivyo mwenzetu hakukosa yote, kwani vinho na vin zote chimbuko lao ni Kilatini, vinum.